Disketi Kumi na Mbili na Jina la Lokole

Shughuli yote ilinigharimu dola arobaini na moja, franga elfu kumi na nane, jogoo mmoja aliyekuwa bado na maisha mbele yake, na kipande cha sparadra, ile plasta ya kidonda, chenye urefu wa kidole. Nimehesabu mara mbili. Mke wangu alihesabu mara moja akapata dola hamsini na tatu, lakini yeye anaingiza na bia niliyokunywa na fundi. Mimi nasema bia ni kinywaji, si kipuri.

Shughuli yenyewe ilikuwa kubadilisha lekteri kwenye kompyuta ya zamani ya marehemu baba mkwe. Lekteri ni kile kinywa cha mashine kinachomeza disketi na kusoma kilichomo. Na disketi, kwa waliozaliwa na simu mkononi, ni kibamba cha plastiki cha upana wa kiganja. Kinabeba maandishi ya daftari zima, lakini picha moja tu ya simu yako ya leo ingekishinda.

Baba mkwe alikuwa mwalimu. Mashine aliinunua kwa mapadri waliokuwa wanarudi kwao Ulaya. Ilikuwa nyeupe siku hiyo. Sasa ina rangi ya fufu iliyolala, ule ugali wa muhogo. Alijifundisha kupiga chapa kwa vidole viwili, na alipostaafu alianza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Alipanda pirogi, yaani mtumbwi, na daftari, akapita kijiji baada ya kijiji, Yanonge mpaka Isangi, akiwauliza watu majina yao ya lokole. Akirudi Kisangani anayapiga chapa na kuyaweka kwenye disketi. Zilifika kumi na mbili. Madaftari yaliliwa na mchwa, yeye akafariki, na mashine ikapanda juu ya kabati, ikafunikwa kipande cha kitambaa cha sikukuu ya parokia.

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu mimi mwenyewe ni mtu wa kwenye maporomoko, kwetu tunajua mitego ya samaki, na jambo hili nililikuta ukweni. Kwa wakwe zangu, watu wa mto, mtu ana majina mawili: la ubatizo, ambalo linaandikwa, na la lokole, ambalo linapigwa. Lokole ni gogo lililochimbwa tumbo kupitia mpasuko mwembamba. Mdomo mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Jina lake si neno moja. Ni maneno marefu: kwanza lako, halafu la baba yako, halafu la kijiji cha mama yako. Likipigwa vibaya, anaitika mtu mwingine. Likikatwa katikati, ni sawa na kumwita mtu mzima "we wa kule."

Mama mkwe tunaishi naye. Amepita miaka themanini, masikio yake ni mazima, na mdomo pia. Ila mimi na yeye ni bokilo, na bokilo wana heshima yao. Sikai naye mkeka mmoja, sili mbele yake, na neno zito halitoki kwake kuja kwangu moja kwa moja. Linapita kwa mke wangu. Siku hiyo, asubuhi, nilikuwa nashona ndala yangu upande huu wa pazia, wao wako upande ule, hatua mbili.

"Ambia bwana yako," mama mkwe akasema, kwa sauti ambayo ingefika mpaka ng'ambo ya mto. "Siku nitakufa, batanipigia lokole. Batapiga nusu, juu hakuna mutu anajua yote. Mi mwenyewe najua mwanzo tu. Na siku ile sitakuwa pale kwa kukosoa."

"Mama, usiongee mambo ya kufa asubuhi."

"Nitaongea saa ngapi? Mangaribi? Nataka kuisikia yote, mara moja, masikio ingali. Iko ndani ya ile mashine. Baba yenu aliiweka. Bon. Mwambie."

Mke wangu akafungua pazia.

"Mama anasema..."

"Nimesikia."

"Usiseme umesikia. Sikia."

Nikaweka ndala chini, nikasikia kwa mara ya pili.

Tuliteremsha mashine. Ikawaka, jambo ambalo lilinishangaza kuliko wote, kwa sababu nilikuwa nimeshaandaa maneno ya pole. Nikaingiza disketi ya kwanza. Kimya. Taa ndogo ya kijani ikawaka, ndani hakuna kilichozunguka.

Nikakodi toleka, baiskeli ya abiria, mashine ikakaa kwenye kiti cha nyuma kama mgonjwa, mimi natembea pembeni nimeishika kiuno, mpaka kibanda cha fundi karibu na soko kuu. Yule fundi anatengeneza redio, televisheni, feni, na siku za njaa anatengeneza hata viatu. Akafungua lekteri, akatoa kitu cheusi kinachonata kwenye kidole.

"Papa, huu ulikuwa mukanda wa kuzungusha. Umeyeyuka. Ona, lami."

Alijaribu kukata mkanda mwingine kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Disketi ikazunguka kama mtu anayetoka matanga: mbio, pole, mbio, kusimama. Akatikisa kichwa, akavuta katoni chini ya meza. Ndani zilikuwepo lekteri tisa zilizotolewa kwenye kompyuta zilizokufa. Nilizihesabu mara mbili, maana yeye alisema kumi.

"Chukua hii, papa. Iko mupya."

"Mupya na vumbi hii?"

"Vumbi njo mupya. Lekteri iko ya siku nyingi, lakini ni nguvu. Yako ilikuwa inasoma nusu mega. Hii inasoma mega moja na zaidi. Mara mbili!"

"Maandishi yangu ni ya nusu. Nusu ingine nitaisoma nini?"

"Papa, mutu ananunua sufuria kubwa, anapika kidogo. Hakuna anayemufunga."

"Akipika kidogo kwa sufuria kubwa, inaungua."

"Basi dola makumi mbili na tano, juu unapenda kubisha."

Nikaondoka mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili nilitembea polepole, nikimpa nafasi ya kuniita. Mara ya tatu nilikimbia kweli, kwa sababu mvua ilianza, na hapo ndipo bei iliposhuka, maana hakuna kinachomtisha mwuzaji kama mnunuzi anayekimbia. Tulipatana dola thelathini, lekteri mbili, na kazi ya kuzifunga juu yake. Mbili, kwa sababu mashine ilikuwa na nafasi ya pili tupu: moja ya kusoma, moja ya kunakili. Nilijiona nimemnyoa bila maji.

Kufunga kulichukua siku mbili. Tundu la waya wa umeme kwenye lekteri mpya lilikuwa dogo, waya wa mashine mnene. Fundi akaunga kwa risasi iliyoyeyushwa na kusali kidogo. Kitufe cha kutolea disketi hakikukaa mbele ya dirisha lake, akalipanua dirisha kwa tupa huku akisema mashine ya zamani haipendi wageni. Mwishowe akaingiza disketi yake ya kujaribia. Mashine ikanguruma, ikaonyesha orodha ya maandishi. Akaijaribu na kwenye lekteri ya pili. Ikasoma. Hapo ndipo bia iliponywewa, ile ya ubishi.

Nyumbani nilipanga disketi mezani kwa namba, moja mpaka kumi na mbili. Umeme ulikuwa umeondoka, nikawasha groupe, jenereta ya nyumbani. Mama mkwe aliketi nyuma ya pazia na sufuria ya karanga za kubangua. Nikaingiza ya kwanza. Mashine ikakoroma, ikakohoa, ikaandika kwa Kifaransa.

"Inasema nini?" pazia likauliza.

"Inauliza tuache, turudie, ao tukubali kushindwa," mke wangu akajibu.

"Ni mashine ya heshima. Bengine banashindwa bila kuuliza. Turudie."

Tukarudia. Tukaweka ya pili, ya tatu. Tukahamia lekteri ya pili. Disketi kumi na mbili, lekteri mbili, na jibu moja. Nilizipitisha zote tena kuanzia mwisho, labda zinataka kuheshimiwa kwa umri. Hapana. Mke wangu akafuta uso kwa pindo la kitenge na kusema kwa sauti ndogo kwamba basi, kazi ya papa imekwisha kuoza.  Nyuma ya pazia karanga tu zilianza kubanguliwa kwa nguvu kuliko zilivyostahili.

Sikupenda kimya kile. Mimi ni mchuuzi, nimezoea wateja wanaonitukana. Kimya sijui bei yake.

Kesho yake fundi alikuja nyumbani na disketi yake. Akaingiza yake: inasoma. Yetu: inakataa. Akaziweka mbili ubavu kwa ubavu juu ya meza, akainama, akainuka, akainama tena.

"Papa, ona kona. Yangu ina tundu moja. Hizi zenu zina matundu mawili."

"Na?"

"Tundu la pili njo alama. Kiwanda kinaiweka kwa disketi kubwa tu, ile ya mega moja na zaidi. Lekteri yenu ya zamani haikuangalia alama, ilikuwa kipofu, inasoma yote kama ndogo, na mwalimu aliandika yote kama ndogo. Hii mupya ina macho. Inaona tundu, inasema, ah, hii ni kubwa, halafu inasoma kama kubwa. Haielewi kitu."

"Donc hazijaoza?" mke wangu akauliza.

"Haijaoza kitu, mama." Halafu akainua disketi moja mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja. "Lakini hili tundu si la kiwanda. La kiwanda ni la pembe nne. Hili ni la mviringo, na ukingo umeungua. Ni musumari wa moto! Mutu alichukua disketi ndogo, akatoboa, akauza kama kubwa. Zote kumi na mbili! Mwizi gani alimufanyia mwalimu hivi?"

Niliangalia dari. Kulikuwa na mijusi wanne. Nikahesabu tena, wakawa watatu.

Msomaji, mwizi ni mimi.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mfanyabiashara mmoja alipata katoni za disketi ndogo ambazo hakuna aliyezitaka, kwa sababu ofisi zote zilitaka kubwa. Nikazichukua kwa bei ya kuzihurumia. Mtu mmoja alinionyesha kwamba tofauti ya ndogo na kubwa ni tundu, na tundu halina gharama. Msumari, jiko la makala, dakika moja kwa kila disketi. Niliziuza mara mbili ya bei. Na mwalimu mmoja mstaafu alikuwa mteja wangu mzuri, mwenye kusema asante, ambaye sikuwahi kumpelekea disketi mbili kwa pamoja. Nilimpelekea moja moja, safari kumi na mbili, kwa sababu aliyekuwa anafungua mlango ni binti yake.

Fundi aliomba kitu cha kuziba. Mke wangu akaleta sparadra, akakata vipande vidogo kama kucha, akabandika juu ya matundu kwa mkono wa mtu anayefunga kidonda cha mtoto. Nikaingiza ya kwanza. Mashine ikatafuna taratibu, kama mbuzi aliyeshiba, na majina ya vijiji yakashuka kwenye kioo, moja chini ya lingine, mpaka kioo kikajaa. Mke wangu akapiga kelele, jirani akaja kuuliza nani amezaa.

Jina la mama mkwe lilikuwa kwenye disketi ya saba. Mke wangu alilinakili kwenye daftari kwa kalamu, kwa sababu haiamini mashine tena, na mimi nilimsomea mara mbili. Maneno yake ni ya lugha yao. Kwa Kiswahili yanakuja hivi: mwanamke anayepanda muhogo hata siku ambayo wengine wanacheza. Mtoto wa yule asiyefunga pirogi yake kwa kamba ya mtu. Wa kijiji ambacho mto unageuka kukitazama.

Fundi alipoondoka nilibaki na tatizo langu. Mwanamke huyu alikuwa amekaribia kulikosa jina lake kwa sababu ya msumari wangu. Nikamwambia mke wangu ukweli wote. Akafunga daftari, akasema, "Nenda ukaseme mwenyewe."

"Bokilo hasemi mwenyewe. Beba neno."

"Hili halinibebeki."

Basi nikaketi upande wangu wa pazia, nikakohoa.

"Mama bokilo. Yale matundu..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Baba yako mukwe alikuwa mwalimu miaka makumi tatu na sita. Unafikiri hajui tundu ya musumari? Siku ya kwanza tu alinionyesha. Alisema, kijana huyu ni mwizi mudogo, lakini anatembea mbali kwa kuiba kidogo, donc anatafuta kitu kingine." Karanga mbili zikaanguka kwenye sufuria. "Unakumbuka liste ya mahari?"

Naikumbuka. Ni karatasi pekee maishani ambayo niliibishia siku tatu mfululizo.

"Mbuzi wa tatu," akasema mama mkwe. "Uliuliza ni wa nini. Mbuzi wa kwanza ni wa baba, wa pili ni wa bajomba, wa tatu hakuna aliyekueleza. Alikuwa wa matundu."

Nilikaa nikapiga hesabu. Disketi kumi na mbili, faida yake, dhidi ya mbuzi jike mwenye mimba, kwa bei ya wakati ule. Nikapiga tena kuanzia chini. Yule mzee alikuwa amenirudishia msumari wangu na riba, na aliendelea kuniambia asante mlangoni miaka yote ile bila uso wake kubadilika. Sijawahi kumheshimu mtu hivyo.

Ilibaki kumpata wa kupiga. Kuna katekista mmoja wa Yanonge, mtu wa makamo, ambaye bado anaita watu kanisani kwa lokole. Alikuja Jumamosi na pirogi ya moteri pamoja na lokole lake, nikalipa safari ya vyote viwili, maana lokole lina uzito wa abiria na linatozwa kama abiria. Alikula jogoo kwanza. Halafu alisoma daftari midomo ikitikisika, akakunja mikono ya shati, akauliza:

"Mama, nipige kama kwa kanisa ao kama kwa matanga?"

"Piga kama unaita mutu anatoka shambani na ndoo kichwani. Asikie, lakini asianguke."

Akapiga. Ilikuwa saa kumi ya jua, uwanja wetu umejaa majirani. Mimi nilisimama mbali, upande wa jikoni, kama inavyompasa bokilo. Sauti zilipanda na kushuka, sehemu ya kwanza, ya pili, na alipoingia ya tatu mama mkwe akainua fimbo.

"Simama! Pale umekosea."

"Mama, njo imeandikwa."

"Imeandikwa muzuri, umepiga mubaya. Mto unageuka kukitazama. Kugeuka ni chini, chini, juu. We umepiga juu, chini. Ile ni kijiji cha ng'ambo, na bale batu balikuwa na deni yetu ya nyavu."

Watu walicheka, katekista akacheka kuliko wote. Akarudia. Akasimamishwa tena, sehemu ileile. Mara ya tatu alipita moja kwa moja mpaka mwisho, na mama mkwe akasimama bila kushikwa mkono, akajishika kiuno, akaitika kwa sauti kubwa kwa lugha yao, kama mtu anayejibu kutoka bondeni. Mke wangu alinieleza baadaye alichosema: "Nasikia, nakuja, msile bila mimi." Halafu akaketi, akaomba chakula, na kweli hatukuwa tumemngoja, jogoo alikuwa amekwisha. Alikula samaki.

Hapo ningeweka kalamu chini. Lakini mtu mmoja uwanjani alikuwa amepiga simu Isangi na kuinua simu hewani, na upande wa pili alikuwepo mdogo wake mama mkwe, miaka sabini na minane. Sikio moja limeshakufa, la pili linasikia likielekezwa kwenye sauti. Asubuhi ya Jumapili neno lilipita pazia: na yeye anataka lake, kabla hilo sikio la pili halijaondoka.

Yeye alilelewa kwa shangazi yake, na kijiji cha shangazi, ambako jina lake liliandikwa, kiko kwenye disketi ya tisa. Disketi kumi na moja zimesomeka na nimezinakili zote. Ya tisa sikuiingiza tena baada ya sparadra, kwa sababu nilipovuta kile kifuniko chake cha bati niliona madoa meupe juu ya ule utando mweusi, ukungu, kama ule wa mkate wa juzi. Fundi anasema mara zile za kwanza ilikuwa bahati, nikiiingiza tena hivyo, ukungu utachafua kichwa cha lekteri na maandishi yatakwanguka yasirudi. Anasema nifungue plastiki, nisafishe utando kwa spiriti. Mwenye duka la dawa anasema spiriti inakula ule weusi, nitumie maji yaliyochemshwa na tone la sabuni. Mama mkwe anasema niianike juani, nami nimemjibu kupitia kwa binti yake kwamba nitafikiri.

Kwa hiyo nauliza, na si kwa utani: kama kuna aliyewahi kusafisha disketi yenye ukungu na maandishi yakabaki, aniambie alitumia nini, kitambaa gani, na aliiacha ikauke muda gani. Isangi wananipigia simu kila siku.